Baka la ngozi lililodanganya waganga: historia ya kansa inayojificha kwa zaidi ya miaka 200

Mtu akitokwa na baka jeupe kwenye paja au mgongoni, jina la kwanza linalotajwa nyumbani mara nyingi ni ukoma. Jina la pili ni kulogwa. Tangu ugonjwa wa mpox uenee Kivu Kusini na kufika hadi kwenye kambi za watu waliokimbia vita kandokando ya Goma, hofu ya ngozi imezidi: mwenye doa lolote anaweza kukimbiwa na majirani, hata kama doa lenyewe halina uhusiano wowote na mpox.

Mara nyingi sana baka kama hilo si jambo la kutisha. Ni fangasi wa ngozi, ni kovu la kidonda cha zamani, au ni ngozi kavu ya mtoto. Lakini uko ugonjwa mmoja, usioonekana mara nyingi, ambao huanza vilevile na kukaa miaka bila kuuma. Ni kansa ya chembe za damu zinazolinda mwili. Waganga huiita limfoma ya ngozi. Historia yake inastahili kujulikana na familia za hapa kwetu, kwa sababu ni historia ya kukosea majina, na kila jina lililokosewa lilimgharimu mgonjwa.

Hospitali iliyojengwa nje ya kuta

Kunako mwaka 1607, mfalme Henri wa Nne wa Ufaransa aliamuru ijengwe hospitali nje ya kuta za mji wa Paris. Tauni ilikuwa imeua watu wengi, na wakubwa wa mji walitaka mahali pa kuwatenga wagonjwa ili wasichangamane na wengine. Hospitali hiyo iliitwa Saint-Louis. Karibu miaka 200 baadaye, mwaka 1801, ilipewa kazi mpya ya kupokea wagonjwa wa ngozi: wenye upele, wenye vidonda visivyopona, na wale waliofukuzwa kwingine kwa sababu ya sura zao.

Muganga mmoja aliyeanza kazi pale mwaka huohuo aliitwa Jean-Louis Alibert. Alikuwa na desturi ya kufundisha nje, chini ya miti ya uwanja wa hospitali. Wagonjwa walipitishwa mmoja mmoja mbele ya watu, naye akieleza. Alipenda kupanga magonjwa ya ngozi kama mtu anayepanga mimea kwa familia zake. Hata alichora mti mkubwa wenye matawi, kila tawi likiwa kundi la magonjwa ya ngozi. Magonjwa yaliyofanana sura yaliwekwa kwenye tawi moja.

Mwaka 1806 Alibert alieleza habari za mwanaume mmoja ambaye ngozi yake ilianza kwa mabaka yaliyokuwa yakibanduka magamba. Kwa muda yale mabaka yalinenepa. Mwishoni yakawa uvimbe uliochomoza juu ya ngozi kama uyoga unavyochomoza kwenye gogo lililooza. Alibert hakuwa ameona kitu kama hicho. Akatafuta ugonjwa uliofanana nacho kwa sura, akakipa jina la pian.

Wazee wa Kongo wanalijua neno hilo. Pian ndiyo buba, ugonjwa wa vidonda vya ngozi ambao zamani uliwasumbua sana watoto wa vijiji vyenye joto na mvua nyingi. Kwa hiyo jina la kwanza la kansa hii lilikuwa jina la ugonjwa mwingine kabisa.

Baadaye, kunako 1832, Alibert mwenyewe alibadili. Aliuita mycosis fungoides, maneno mawili yote yenye maana ya uyoga. Hapo napo jina likapotosha, kwa sababu kwa waganga wa leo neno mycosis ni ugonjwa wa fangasi. Ugonjwa huu hauna fangasi hata mmoja ndani yake. Uyoga ulikuwa mfano wa umbo tu. Pamoja na hayo, jina hilo limebaki vitabuni mpaka leo, na ndilo jina la aina ya limfoma ya ngozi inayopatikana zaidi kuliko nyingine zote.

Buba iliondoka, baka likabaki

Kosa la kwanza la Alibert linaweza kueleweka vizuri zaidi na watu wa Afrika ya Kati kuliko na watu wa Paris. Buba husababishwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, na huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi. Wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, timu za afya na misheni zilizunguka vijiji vya Kongo zikiwadunga watu sindano dhidi ya buba. Vidonda vilikauka upesi, na watu wakaanza kuiheshimu sindano. Kisha ikaja penisilini. Kati ya mwaka 1952 na 1964, Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliendesha kampeni katika nchi 46, na watu wapatao milioni 50 walitibiwa. Kwa wengi, sindano moja ilitosha.

Ugonjwa aliouona Alibert hauponi kwa penisilini. Hauponi kwa dawa ya fangasi pia. Mtu akipewa dawa ya kitu kinachofanana na ugonjwa wake tu, anabaki na ugonjwa wake, na anapoteza muda na franga zake.

Bazin na somo la kungojea

Muganga mwingine wa Saint-Louis, Ernest Bazin, ndiye aliyeelewa mwendo wa ugonjwa huu. Kunako 1870 alionyesha kwamba unapita hatua tatu. Hatua ya kwanza ni mabaka bapa, yasiyoinuka, ambayo mtu akipitisha kidole hasikii kitu. Ya pili ni mabaka yaliyonenepa, yenye ukingo unaoshikika. Ya tatu ni uvimbe, ule uliomfanya Alibert afikirie uyoga.

Bazin hakuwa na mashine yoyote ya kuona ndani ya mwili. Alichokuwa nacho ni wagonjwa waliorudi. Mtu aliyeonekana leo na baka bapa, akirudi baada ya miaka na baka nene, na tena baada ya miaka mingine na uvimbe, ndiye aliyemfundisha kwamba mambo hayo matatu ni ugonjwa mmoja. Kama kila mgonjwa angeonekana mara moja tu, waganga wangeendelea kuandika magonjwa matatu tofauti.

Si kila mgonjwa hupita hatua zote. Waganga wa leo wanajua kwamba watu wengi hubaki kwenye mabaka kwa miaka mingi, na wakifuatwa vizuri huishi karibu sawa na jirani zao wasio na ugonjwa. Wachache ndio wanaofika kwenye uvimbe. Lakini kujua nani atasonga mbele na nani atabaki pale kunahitaji jambo lilelile alilohitaji Bazin: mtu mmoja aonekane tena na tena, na alama zake ziandikwe.

Rangi ambayo vitabu havikuiona

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, hospitali ya Saint-Louis ilimchukua fundi mmoja, Jules Baretta, aliyekuwa stadi wa kutengeneza vitu kwa karatasi iliyopondwa na kukandwa. Kazi yake pale ilikuwa kumwaga chokaa kwenye ngozi ya mgonjwa, kupata umbo, kisha kulijaza nta na kulipaka rangi mpaka lifanane na ngozi yenyewe. Mifano hiyo ya nta, zaidi ya 4,000, bado imehifadhiwa Paris. Waganga kutoka nchi nyingi walijifunza magonjwa ya ngozi kwa kuitazama mifano hiyo na michoro ya vitabu iliyofanana nayo.

Ngozi zilizoigwa pale zilikuwa zaidi za watu weupe. Basi ugonjwa huu ukaandikwa kwa rangi ya watu weupe: baka jekundu. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa uganga aliyesoma habari zake alifundishwa kutafuta wekundu.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani hivyo. Unaweza kuonekana kama hudhurungi iliyokolea, au zambarau, au kama kijivu. Na mara nyingine baka halikolei kabisa, bali linapauka: rangi ya ngozi inapungua, linabaki doa jeupejeupe lisilo na mpaka mkali. Umbo hili la ugonjwa lilianza kuandikwa na waganga katika miaka ya 1970, yaani zaidi ya miaka 160 baada ya Alibert. Sasa inajulikana kwamba linawapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, na kwamba mara nyingi linawaanza wakiwa vijana, hata watoto, wakati ugonjwa wa kawaida huwapata zaidi watu waliopita miaka 50.

Habari njema ni kwamba umbo hili la kupauka mara nyingi huenda polepole na husikia matibabu. Rangi ya ngozi yenyewe inaweza kurudi. Habari mbaya ni kwamba baka lililopauka ndilo linalofanana zaidi na mambo mengine: ukoma, fangasi, au ugonjwa wa vitiligo unaoondoa rangi kabisa. Mgonjwa mwenye ngozi nyeusi alikuwa na bahati mbaya mara mbili. Vitabu havikumtaja, na baka lake lilikuwa na majina mengine tayari yanayolingojea.

Askari wanaogeuka

Kwa zaidi ya karne moja hakuna aliyejua ugonjwa huu umetokana na nini hasa. Mwaka 1938, muganga Albert Sézary, mzaliwa wa Algiers aliyefanya kazi Paris, alieleza mgonjwa ambaye ngozi yake yote ilikuwa imewaka, ikimwasha bila kupumzika, na matezi yake yamevimba. Sézary alipotazama damu yake kwa mikroskopi aliona chembe za ajabu, kubwa, zenye kiini kilichokunjamana. Ugonjwa wa ngozi ulikuwa pia ndani ya damu. Namna hiyo kali, ambayo ni adimu, bado inaitwa kwa jina lake.

Chembe hizo zilikuja kueleweka baadaye. Katika miaka ya 1960 wataalamu waligundua kwamba damu ina askari wa aina mbalimbali. Kundi moja hukomazwa kwenye tezi ndogo ya timusi iliyoko kifuani nyuma ya mfupa, na kwa sababu hiyo wanaitwa seli T. Hawa hutembea mwili mzima wakitafuta adui, na wengine hukaa kwenye ngozi kama walinzi wa mpaka. Katika miaka ya 1970 ilithibitika kwamba chembe za ajabu za Sézary, na zile zilizomo ndani ya mabaka ya Alibert, ni seli T zilizoharibika. Mwaka 1975 wataalamu wa Marekani, wakiwemo Marvin Lutzner na Richard Edelson, waliyaunganisha magonjwa hayo chini ya jina moja: limfoma ya seli T ya ngozi.

Kwa lugha nyepesi, walinzi wa mpaka wamegeuka. Wanazaana bila amri na kukaa kwenye ngozi waliyotumwa kuilinda. Ndiyo maana ugonjwa hautoki kwa kuoga, hauletwi na uchafu, na hauambukizwi kwa kula sahani moja au kulala kitanda kimoja. Hakuna aliyemtupia mtu.

Lipo jambo moja la kutochanganya. Mwaka 1977, kundi la Kiyoshi Takatsuki huko Japani lilieleza kansa nyingine ya seli T, kali zaidi, ambayo mara nyingi nayo hutokea kwenye ngozi. Mwaka 1980 maabara ya Robert Gallo huko Marekani ilitangaza kupata kirusi kilichoitwa HTLV-1, na ikathibitika kwamba ndicho kinacholeta kansa ile ya Japani. Kirusi hicho kipo pia Afrika ya Kati. Kinapita kwa kunyonyesha kwa muda mrefu, kwa tendo la ndoa na kwa damu, lakini walio wengi wanaobeba kirusi hicho hawapati kansa maisha yao yote. Ugonjwa wa Alibert wenyewe haujathibitishwa kuletwa na kirusi hicho. Kwa hiyo mama mwenye baka asiache kumnyonyesha mtoto kwa kusikia habari hizi. Amuulize muganga kwanza.

Jirani yetu Kampala

Limfoma si neno geni katika eneo la Maziwa Makuu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, muganga mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alioneshwa mtoto mwenye uvimbe kwenye taya pande zote mbili. Baadaye aliona mtoto mwingine wa namna hiyo mahali pengine, akaanza kuuliza hospitali nyingine kwa barua. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kilomita zipatazo 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi uvimbe huo unaonekana na wapi hauonekani. Mwaka 1964, huko Uingereza, kirusi kiligunduliwa ndani ya chembe za uvimbe huo. Leo kirusi hicho kinaitwa Epstein-Barr, na uvimbe wenyewe unaitwa limfoma ya Burkitt.

Limfoma ya Burkitt ni tofauti na ya ngozi. Lakini njia ya kuijua ilikuwa ileile: mtu mmoja hakutosheka na jina lililokuwepo, akauliza kama wengine wameona alichokiona.

Kivuli cha ukoma

Kwa familia nyingi za Kongo, swali zito si Paris wala Kampala. Ni ukoma. Nchi yetu bado ni moja ya zile zinazopata wagonjwa wengi wapya wa ukoma barani Afrika, kwa hiyo muganga anayefikiria ukoma mbele ya baka jeupe hajakosea kufikiri hivyo. Kosa ni kuishia hapo.

Mdudu wa ukoma aligunduliwa na Gerhard Hansen huko Norway mwaka 1873. Hata baada ya hapo, karibu miaka 70 ilipita bila dawa ya kweli, na jibu la serikali nyingi lilikuwa kuwatenga wagonjwa. Kongo ilikuwa na vijiji vya wakoma. Kimoja kinachojulikana ni Yonda, karibu na mji wa Mbandaka, kilichoongozwa katika miaka ya 1950 na muganga Mbelgiji Michel Lechat. Mwandishi Mwingereza Graham Greene alikaa huko mwaka 1959 na kutunga riwaya kutokana na aliyoyaona. Wakati huo dawa za ukoma zilikuwa zimeshaanza kutumika, na wagonjwa walikuwa wanapona. Lakini aliyepona alikuta kwamba jina halikuondoka pamoja na ugonjwa.

Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa za ukoma zitolewe kwa mchanganyiko, na tangu 1995 zinatolewa bure. Ukoma leo unapona, na mgonjwa aliyeanza dawa haambukizi tena.

Tofauti kati ya mabaka haya mawili inaweza kuanza kutafutwa kwa kitu kidogo kama unyoya au uzi wa pamba. Baka la ukoma mara nyingi limekufa ganzi. Mgonjwa akifumba macho na kuguswa hapo, hasikii. Baka la limfoma husikia, na wakati mwingine linawasha. Baka la ukoma huonekana hata usoni na mikononi. Baka la limfoma hupenda sehemu ambazo jua halifiki kwa kawaida: makalio, nyonga, mapaja upande wa juu, matiti, kiunoni. Hizo ni sehemu ambazo mtu huona haya kuzionyesha, na hiyo ni sababu nyingine ya ugonjwa kuchelewa kujulikana.

Alama hizi hazitoshi kumhukumu mtu. Jibu la kweli hutoka kwenye kipande kidogo cha ngozi kinachokatwa kwa ganzi na kutazamwa kwa mikroskopi. Na hata hapo kuna mtego: mwanzoni mwa ugonjwa, chembe zilizoharibika hufanana sana na za kawaida. Mara nyingi kipande cha kwanza hakisemi kitu, wala cha pili. Hata katika nchi tajiri, miaka kadhaa hupita kati ya baka la kwanza na jina sahihi.

Dawa zilizotoka vitani na kwenye jua

Dawa za ugonjwa huu nazo zina historia isiyotarajiwa. Mwezi wa saba mwaka 1917, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilirusha gesi ya haradali, sumu inayobabua ngozi, macho na mapafu. Waganga waliowapima waathirika waligundua kwamba askari weupe wa damu walikuwa wamepungua sana. Miaka 25 baadaye, mwaka 1942, wataalamu wa chuo kikuu cha Yale, Louis Goodman na Alfred Gilman, walishiriki katika kumpa mgonjwa wa limfoma dawa iliyotengenezwa kutokana na jamii ya sumu hiyo. Uvimbe ulinywea kwa muda. Huo ulikuwa mwanzo wa dawa za kemikali dhidi ya kansa. Baadaye dawa hiyohiyo, ikiwa imepunguzwa nguvu, ilianza kupakwa juu ya mabaka ya limfoma ya ngozi, na inatumika hadi leo. Silaha iliyobabua ngozi za askari ikawa dawa ya ngozi.

Njia ya pili ilitoka Afrika. Kwenye bonde la mto Nile huota mmea ambao tangu zamani Wamisri waliutumia kwa watu wenye mabaka meupe: walikula mbegu zake, kisha wakaketi juani. Katika miaka ya 1940, muganga Abdel Monem El Mofty wa Cairo aliichunguza dawa iliyomo ndani ya mmea huo na kuonyesha kwamba inaamsha ngozi inapokutana na mwanga. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Marekani waliiunganisha na taa maalum. Mwaka 1976 ilitangazwa kwamba mabaka ya limfoma ya ngozi yanafutika kwa njia hiyo. Leo taa za namna hiyo ni miongoni mwa matibabu ya kwanza ya mabaka, hasa yale yaliyopauka.

Hii haina maana kwamba mtu ajianike juani na majani ya porini. Kipimo kikizidi, ngozi inaungua, na kansa nyingine inaweza kuanza. Taa hizo haziko kwenye kituo cha afya cha kijiji, na wakati mwingine hata kukata kipande cha ngozi kunalazimu safari mpaka mji mkubwa. Hilo ni tatizo la kweli, na familia zinalijua.

Kinachopotea njiani

Ukikusanya habari hizi zote, inaonekana kwamba ugonjwa huu haukujulikana kwa siku moja na mtu mwerevu mmoja. Ulijulikana kwa sababu wagonjwa walionekana tena baada ya miaka, na kwa sababu kulikuwa na maandishi ya kulinganisha ya jana na ya leo.

Vita vinavunja mambo hayo mawili. Familia iliyokimbia Rutshuru au Masisi, ikapita kambi moja hadi nyingine, huonwa na muganga mpya kila mahali. Kila muganga huona baka kwa mara ya kwanza. Wa kwanza anatoa dawa ya fangasi, wa pili anatoa tena dawa ya fangasi, wa tatu vilevile, kwa sababu hakuna anayejua kwamba mwenzake alishajaribu. Kila mmoja anaweza kuwa amefanya kazi yake sawasawa, na mgonjwa bado akapoteza miaka mitatu.

Kwa hiyo karatasi ya muganga ni mali ya kukimbia nayo, pamoja na kadi ya uchaguzi na kadi ya chanjo ya mtoto. Kama kuna simu nyumbani, picha ya baka ipigwe mchana, mahali penye mwanga, kila baada ya mwezi au miezi miwili, na kitu kidogo kama kifuniko cha chupa kikiwekwa kando ili ukubwa uonekane. Jina la kila dawa iliyotumika liandikwe. Mambo hayo hayagharimu pesa nyingi, na yanampa muganga mpya miaka ambayo yeye mwenyewe hakuiona.

Mafuta ya sokoni ni adui mwingine. Mafuta mengi ya kujichubua, na mengine yanayouzwa kama dawa ya kila ugonjwa wa ngozi, yana dawa kali ndani yake inayotuliza mabaka kwa muda bila kuponya. Baka linafifia, muganga anapotazama haoni kitu, kisha linarudi. Anayekwenda kupimwa aseme wazi amepaka nini, hata kama ni jambo la kuona haya.

Na ni lini mtu aende? Baka lililokaa zaidi ya miezi mitatu bila kusikia dawa, hasa likiwa sehemu isiyopata jua, linafaa kuonyeshwa tena. Mabaka yanayoongezeka, yanayonenepa au yanayowasha usiku na mchana yasingoje. Uvimbe juu ya baka, matezi yaliyovimba kwapani au kwenye kinena, au mwili kukonda bila sababu, hayo yapelekwe haraka. Baka lililokufa ganzi lipelekwe pia, kwa sababu linaweza kuwa ukoma, na ukoma ukianza kutibiwa mapema hauachi kilema. Kama watu kadhaa wa nyumba moja wanawashwa usiku, huenda ni upele, nao una dawa yake kwa wote wa nyumba.

Muganga akisema ni fangasi, mpe fangasi muda wake na dawa yake. Isipopona, rudi na karatasi ileile, umwambie kwamba dawa imekwisha na baka bado lipo. Alibert mwenyewe, mkubwa wa magonjwa ya ngozi wa Paris, alilikosea jina mara ya kwanza, na ilimchukua karibu miaka 26 kuandika jina la pili, ambalo nalo halikuwa sawa. Kurudi na kuuliza tena ni haki ya mgonjwa, wala si kumdharau muganga.

Naye jirani mwenye baka aendelee kuketi kwenye benchi moja na wengine mpaka apimwe. Kama ni limfoma, haiambukizi hata kidogo. Kama ni ukoma, kuketi naye kwenye benchi hakumpi mtu ugonjwa, na dawa ipo bure. Kama ni fangasi, wengi wamewahi kuwa nao.